Kasri la Berlin: Jumba Lililobomolewa Likasimamishwa Tena

Mgeni afikaye mjini Berlin leo, akaifuata barabara ya Unter den Linden kuelekea mashariki hadi akavuka daraja lililo juu ya tawi la mto Spree, ataliona upande wake wa kulia jumba kubwa mno, lenye madirisha yaliyopangwa safu juu ya safu, sanamu zilizosimama kileleni mwa kuta, na kuba lenye msalaba wa rangi ya dhahabu. Urefu wake wapita meta 180, na upana wake wakaribia meta 120. Asiyejua habari zake atasema moyoni kwamba jumba hilo limekuwapo hapo kwa miaka 300. Kumbe sivyo. Jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 12 Juni, 2013, na nyuma ya kuta zake za mawe yaliyochongwa mna zege, vyuma na ngazi za umeme kama katika duka kubwa lolote la zama zetu.

Jumba la asili, ambalo hili la leo ni mfano wake, lilibomolewa kwa baruti mwaka 1950. Baada yake likajengwa jumba jingine mahali pale pale, nalo likabomolewa. Ndipo likaja hili la tatu, lenye sura ya lile la kwanza. Hatuujui mji mwingine ambao watu wake wameshindana kwa muda mrefu hivyo juu ya kiwanja kimoja. Twaona habari hizi zafaa kusomwa hata na sisi tulio mbali, maana ndani ya jumba hilo vimo leo vitu vilivyotoka katika nchi yetu, na havikufika huko kwa hiari ya wenyewe.

Chanzo cha yote ni mwaka 1443. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich wa Pili, ambaye watu walimpa jina la Jino la Chuma, aliweka jiwe la msingi la ngome katika kisiwa kilicho kati ya matawi ya Spree. Wenyeji wa miji pacha ya Berlin na Cölln waliitazama ngome hiyo wakajua mara moja maana yake, kwamba uhuru wao wa kujitawala kama wafanyabiashara ulikuwa ukifikia mwisho. Mwaka 1448 waliasi, wakafungua milango ya kuzuilia maji ya mto, na mashimo ya msingi yakafurika. Uasi ule ulizimwa. Mwaka 1451 mtawala akahamia katika ngome yake. Basi jumba hilo lilizaliwa katika ugomvi, na ugomvi haukupata kulihama.

Tutaipita upesi miaka mia mbili iliyofuata, ingawa kuanzia 1538 ngome ile ya kale iligeuzwa kuwa makao ya fahari kwa mtindo wa wakati huo. Lakini hatuwezi kumpita mtawala aliyeitwa na Wajerumani Mteule Mkuu, Friedrich Wilhelm, aliyeshika madaraka mwaka 1640 akafa 1688. Yeye ndiye aliyeiinua Brandenburg kutoka katika majivu ya Vita vya Miaka Thelathini, na historia za shule humsifu sana kwa hilo. Huyo huyo mwaka 1682 aliunda kampuni ya biashara ya Afrika, na mwaka uliofuata watu wake wakaanza kujenga ngome katika pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana. Biashara ya kampuni hiyo ilikuwa dhahabu na watumwa. Haikudumu sana. Mwaka 1717 mjukuu wake alikubali kuwauzia Waholanzi ngome hizo. Hata hivyo, watu husema kwamba Ujerumani ilichelewa kuingia Afrika, na kwamba ilianza na Bismarck. Jumba la Berlin lilijua habari za Afrika miaka 200 kabla ya Bismarck.

Mwana wa Mteule Mkuu ndiye aliyelipa jumba hilo sura iliyolifanya maarufu. Alikuwa mtu mwenye umbo dhaifu na tamaa kubwa ya heshima. Hakutosheka kuwa mtawala wa jimbo, alitaka taji. Alifaulu tarehe 18 Januari, 1701, alipojivika mwenyewe taji huko Königsberg, akawa Mfalme Friedrich wa Kwanza. Lakini mfalme mpya huhitaji nyumba ya kuwathibitishia wengine kwamba yeye ni mfalme kweli. Hilo alilitambua mapema, na miaka kadhaa kabla ya kuvikwa taji alikwisha mkabidhi kazi mchongaji mmoja, jina lake Andreas Schlüter.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo mtindo wa ujenzi uitwao baroki. Mtindo huo ulianzia Roma mwishoni mwa karne ya 16, ukaenea katika Ulaya ya wafalme. Shabaha yake ni kumshinda mtazamaji. Ukuta hauachwi ukawa bapa. Husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, huwekewa nguzo ndefu zipandazo ghorofa mbili au tatu kwa pamoja, huvishwa sanamu, mashada ya mawe, tai na ngao, ili jua linapozunguka mwanga na kivuli vicheze juu yake mchana kutwa. Msomaji wa pwani ataielewa vyema tofauti iliyopo tukimkumbusha nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, au za Lamu. Nyumba zetu za kale hunyamaza kwa nje. Ukuta ni mweupe na mtupu. Mlango peke yake ndio unenao, kwa nakshi zake na misumari yake ya shaba, na fahari iliyobaki husetiriwa ndani kwa wenye haki ya kuingia. Jumba la baroki hufanya kinyume chake. Husema yote barabarani, kwa sauti kubwa, mbele ya mtu ambaye huenda asiruhusiwe kamwe kuvuka kizingiti.

Schlüter alikuwa kwanza mchongaji, na hilo laonekana katika kazi yake. Kabla ya jumba alichonga vichwa 22 vya askari wanaokata roho kwa ajili ya ua wa ghala la silaha lililo jirani. Vichwa hivyo bado vipo. Havina ushindi wowote ndani yake. Ni nyuso za watu wenye maumivu, vinywa wazi, macho yakizimika. Twastaajabu kwamba mfalme wa nchi ya kijeshi kama ile alikubali kuwekewa vitu hivyo katika ghala la bunduki zake. Ndiye pia aliyebuni sanamu ya shaba ya Mteule Mkuu akiwa juu ya farasi, ambayo chini yake wameketi watu wanne waliofungwa minyororo.

Katika jumba lenyewe, Schlüter aliyachukua majengo ya kale yaliyokuwa yamezagaa akayafunga ndani ya kuta za aina moja. Upande wa uwanja na upande wa bustani aliweka malango makubwa yanayotokeza mbele kama kifua cha mtu mwenye kujiamini. Kazi yake bora ilikuwa ua wa ndani, ambao hata leo waitwa kwa jina lake. Katikati ya kuta za ua huo zilisimama nguzo kubwa zilizobeba sanamu juu yake, na nyuma yake ilikuwamo ngazi kuu ya kuwapandisha wageni hadi kwenye kumbi za mfalme. Waliouona ua huo kabla ya vita waliuhesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za baroki kaskazini mwa milima ya Alps.

Lakini Berlin imejengwa juu ya mchanga na maji, na mchanga haujali heshima ya mtu. Mfalme alitaka pembeni mwa jumba lake pawe na mnara mrefu, juu ya nyumba ya zamani ya kufulia fedha. Kengele za mnara huo zilikwisha agizwa Uholanzi. Schlüter alipandisha ukuta, ardhi ikaanza kulegea. Akauimarisha kwa kuta nene zaidi na kwa vyuma. Uzito ukaongezeka na nyufa zikaongezeka. Mwaka 1706 ilibidi mnara ubomolewe kabla haujaanguka wenyewe. Tume ikaundwa, lawama zikatafutiwa mtu, na Schlüter akapoteza kazi ya usimamizi wa ujenzi wa jumba. Kengele zilipelekwa katika kanisa moja la mjini. Yeye mwenyewe alihamia Urusi kumtumikia Tsar Petro Mkuu, akafa huko mwaka 1714. Sisi twamwona kama fundi aliyelazimishwa kujenga kitu ambacho ardhi haikukiruhusu. Mafundi wa namna hiyo wapo kila mahali, na aliyewalazimisha haitwi mbele ya tume.

Aliyechukua nafasi yake, Johann Friedrich Eosander, alilirefusha jumba kuelekea magharibi mpaka likawa karibu mara mbili ya lilivyokuwa. Lango lake kuu aliliiga kutoka kwa tao la ushindi la Kaisari Septimius Severus mjini Roma. (Kaisari huyo, kwa bahati, alikuwa mzaliwa wa Afrika, wa mji wa Leptis Magna katika Libya ya leo, hatujui kama Eosander alilifikiria jambo hilo.) Kazi ilikuwa haijamalizika mfalme alipofariki mwaka 1713. Mwanawe, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, alikuwa mtu mkavu wa mkono aliyependa askari kuliko sanamu. Alimwachisha kazi Eosander, akaamuru jengo limaliziwe kwa gharama ndogo, na mwaka 1716 likamalizika. Mwaka huo huo alikitoa zawadi kwa Tsar Petro chumba kizima kilichokuwa kimepambwa kwa vipande vya kaharabu. Hicho ndicho kile Chumba cha Kaharabu kilichotoweka katika Vita Kuu ya Pili, na watu wanakitafuta hata leo.

Kuba lilikuja baadaye sana, kati ya 1845 na 1853, kwa amri ya Friedrich Wilhelm wa Nne. Katikati ya ujenzi wake ndipo yalipotokea mambo ya Machi 1848. Watu wa Berlin walikusanyika mbele ya jumba kudai haki zao. Wanajeshi wakaingia kati, risasi zikalia, na usiku kucha watu wakapigana nyuma ya vizuizi vya mawe na mikokoteni. Zaidi ya watu 200 waliuawa. Kesho yake wananchi waliwabeba maiti wao mpaka ndani ya ua wa jumba, wakamtaka mfalme ashuke, naye akashuka, akavua kofia mbele ya wafu. Mfalme huyo aliamini kwamba taji lake limetoka kwa Mungu, wala si kwa watu. Alipoyashinda machafuko aliliwekea kuba lake kanisa na msalaba, na kulizungushia maneno ya dhahabu yaliyotungwa kutokana na Maandiko, yenye maana kwamba hakuna wokovu ila kwa jina la Yesu na kwamba kila goti lipaswa kupigwa kwa jina hilo. Msomaji ayakumbuke maneno hayo, tutayarudia.

Twafika sasa kwenye zama zinazotugusa. Wengi hudhani kwamba Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao mataifa ya Ulaya yaliwekeana humo kanuni za kuigawana Afrika, ulifanyika katika jumba hili. Haukufanyika humo. Ulifanyika nyumbani kwa Bismarck, katika barabara ya Wilhelmstrasse. Lakini jumba hili ndilo lililokuwa makao makuu ya Kaisari Wilhelm wa Pili mjini Berlin tangu mwaka 1888 hadi 1918, na ni kwa jina lake kwamba nchi yetu ilitawaliwa, kodi ikatozwa, pamba ikalimwa kwa viboko, na vita vya Maji Maji vikazimwa kati ya 1905 na 1907 kwa moto na njaa. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa hufikia watu 300,000.

Miaka hiyo hiyo palikuwapo mjini Berlin mtu wa kwetu aliyeweza kuliona jumba hilo kila alipotaka. Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Bagamoyo, alifika huko mwaka 1900, akafundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki mpaka 1905. Mkono wake ndio uliofanya sehemu kubwa ya kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903. Aliwafundisha lugha yetu vijana waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala, akavumilia dharau yao, akaishi Ujerumani mpaka alipofariki mwaka 1927. Alilishuhudia kasri likiwa na Kaisari ndani yake na, baada ya 1918, likiwa halina.

Kaisari aliwahutubia watu kutoka roshani ya jumba hilo tarehe 31 Julai na tarehe 1 Agosti, 1914. Umati ulishangilia. Miezi mitatu baadaye watu walikuwa wakiuana Tanga, na mpaka vita viishe maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa njiani kwa ugonjwa na njaa, bila ya kujua roshani ile iko wapi. Tarehe 9 Novemba, 1918, Kaisari akiwa ametangazwa kung'atuka, Karl Liebknecht aliingia katika jumba hilo hilo, akasimama kwenye lango la nne, upande wa bustani, akatangaza jamhuri huru ya kisoshalisti. Januari iliyofuata aliuawa. Jumba likawa makumbusho ya sanaa na kazi za mikono.

Tarehe 3 Februari, 1945, ndege za Marekani ziliipiga Berlin, na kasri likawaka moto. Sehemu kubwa ya ndani iliteketea, lakini kuta nene zilibaki, sanamu nyingi zilibaki, na mwaka 1946 yalifanyika maonyesho katika ukumbi mmoja uliotengenezwa. Maana yake jumba lingeweza kuokolewa. Lakini lilikuwa katika sehemu ya mji iliyoshikwa na Warusi, na serikali mpya ya Ujerumani Mashariki iliona ndani yake si kazi ya Schlüter bali kiota cha wapenda vita wa Prussia. Mwezi Julai 1950 Walter Ulbricht alitangaza kwamba mahali pale patakuwa uwanja mkubwa wa maandamano. Wataalamu wa sanaa, hata wale waliokuwa upande wa serikali, waliandika barua za kupinga. Hazikusaidia. Kazi ya kubomoa ilianza tarehe 7 Septemba, ikamalizika tarehe 30 Desemba. Lango moja tu ndilo lililohesabiwa kuwa la kuhifadhiwa kwa heshima, nalo ni lile la Liebknecht.

Hatuwezi kuisifu kazi hiyo. Twaelewa hasira iliyokuwamo. Nchi iliyotoka katika ufashisti ilikuwa na haki ya kuzichukia alama za kijeshi. Lakini waliovichonga vichwa, nguzo na mashada yale hawakuwa wafalme. Walikuwa waashi na wachongaji, watu wa kazi, yaani watu wale wale ambao serikali ile ilisema inatawala kwa niaba yao.

Kiwanja kilikaa kitupu kwa miaka mingi. Kati ya 1973 na 1976 Wajerumani wa Mashariki walijenga hapo Jumba la Jamhuri, lenye marumaru nyeupe na vioo vya rangi ya shaba, ambamo lilikuwamo bunge, na pia ukumbi wa watu wapatao 5,000, mikahawa, ukumbi wa michezo ya kuigiza na mahali pa kuchezea. Taa zilizoning'inia ndani yake zilikuwa nyingi mno hata watu wakaliita duka la taa la Erich, wakimkusudia Erich Honecker. Yafaa tukumbuke hapa kwamba serikali hiyo si ngeni kwetu. Zanzibar iliitambua mwaka 1964, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni ukumbusho wa urafiki huo, nazo zinakaliwa na watu mpaka leo. Jumba la Jamhuri halikupata bahati ya namna hiyo. Bunge lililokutana humo tarehe 23 Agosti, 1990, lilipiga kura ya kujiunga na Ujerumani Magharibi, na mwezi uliofuata jumba likafungwa kwa sababu ya asbesto iliyokuwamo. Asbesto ikaondolewa, jumba halikufunguliwa. Kati ya 2006 na 2008 likabomolewa kipande kwa kipande. Watu wengi wa mashariki walioolewa, kucheza na kusherehekea humo walihisi kwamba maisha yao ndiyo yanayobomolewa. Wakauliza: mliosema 1950 ilikuwa dhambi, hii nayo ni nini? Swali hilo halikupata jibu la kuridhisha, na sisi hatuna la kuwapa.

Wakati huo wazo la kulirudisha kasri lilikuwa limekwisha shinda. Mwaka 1993 kikundi cha wananchi kilisimamisha jukwaa la vyuma katika kiwanja kile, kikatundika juu yake turubai zilizochorwa sura ya jumba la kale kwa ukubwa wake kamili. Turubai hizo zilikaa mpaka mwaka uliofuata. Watu waliokuwa hawajapata kuliona kasri katika maisha yao waliliona, ingawa ni la nguo. Tarehe 4 Julai, 2002, Bunge la Ujerumani likaamua kwamba jengo jipya liwe na kuta tatu za baroki upande wa nje na ua wa Schlüter. Mashindano ya wasanifu yalishindwa na Mwitaliano, Franco Stella, mwaka 2008. Ukuta wa nne, ulioelekea mto, aliuacha kuwa wa kisasa mtupu, wenye safu za madirisha yanayofanana. Wengine wauona ukuta huo mbaya. Sisi twauona kuwa mkweli kuliko ile mitatu.

Namna kuta zile zilivyorudishwa ni habari yenyewe. Ramani nyingi za asili hazikuwapo. Yalikuwapo mapicha ya kupimia yaliyopigwa kwa uangalifu tangu zama za wafalme, na vipande vya sanamu vilivyookolewa kutoka katika kifusi. Katika karakana moja huko Spandau, wachongaji walitazama picha hizo kwa kioo cha kukuzia, wakafinyanga kwanza kila tai na kila shada kwa udongo, wakalitia katika plasta, wataalamu wakalisahihisha, kisha ndipo likachongwa katika jiwe. Ufundi ambao wengi walidhani umekufa ulifundishwa upya. Gharama ya jengo lote ilifika takriban euro milioni 680, na zaidi ya milioni 100 katika hizo zilitoka kwa wafadhili binafsi, hasa kwa ajili ya kuta na mapambo. Miongoni mwa fedha hizo zimo zilizolipia kuba, msalaba na yale maneno ya dhahabu kuhusu kila goti. Msalaba ulipandishwa mwezi Mei 2020 katikati ya mabishano makali. Jumba ambalo limepewa jina la ndugu wawili, Wilhelm na Alexander von Humboldt, na lililokusudiwa kuwa nyumba ya tamaduni zote za dunia, laweza vipi kubeba kichwani mwake agizo la mfalme kwamba dunia yote ipige magoti? Waliolitetea walisema kwamba hiyo ni historia. Lakini ya 1976 nayo ilikuwa historia, na haikurudishwa.

Sasa twaingia ndani. Wageni waruhusiwao kuingia, tofauti na zama za wafalme, hukuta kumbi nyeupe, na katika kumbi hizo takriban vitu 20,000 vya makumbusho ya tamaduni za Afrika, Asia, Amerika na visiwa vya Pasifiki. Sehemu kubwa zaidi ya hazina hiyo, iliyo na vitu vipatavyo 500,000, imebaki ghalani nje ya kiini cha mji. Kutoka nchi yetu vimo maelfu, vikiwemo vilivyotwaliwa vitani wakati wa Maji Maji na kupelekwa Berlin kama ngawira. Mwanahistoria wa sanaa Bénédicte Savoy alijitoa katika baraza la washauri wa jumba hilo mwaka 2017, akilalamika kwamba asili ya vitu hivyo haichunguzwi ipasavyo. Kumbi zilipofunguliwa Septemba 2021, mwandishi wa Nigeria Chimamanda Ngozi Adichie alihutubia hapo hapo, mbele ya Rais Steinmeier, akanena waziwazi juu ya mali zilizochukuliwa kwa nguvu. Mwaka 2022 umiliki wa vitu zaidi ya 500 vya Benin ulirudishwa kwa Nigeria. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais Steinmeier alisimama Songea, mahali alipouawa Songea Mbano mwaka 1906, akaomba msamaha. Na mwishoni mwa 2024 yalifunguliwa katika jumba hilo maonyesho ya historia ya Tanzania, yaliyotayarishwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam. Hizo ni hatua, na hatuzidharau. Lakini maonyesho si kurudishiwa mali.

Tungependa kuongeza jambo moja ambalo huenda Wajerumani hawakuligundua. Jumba la Berlin lilifunguliwa kwa mara ya kwanza, kwa njia ya mtandao kwa sababu ya maradhi ya Korona, tarehe 16 Desemba, 2020. Siku tisa baadaye, tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit el Ajaib mjini Zanzibar, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka pamoja na mnara wake wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Nalo lilikwisha onja mizinga, mwaka 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja ambavyo mwishoni mwake Khalid bin Barghash alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani. Huko walikuwa wakizindua jumba lililokufa miaka 70 iliyopita. Hapa kwetu lililokuwa hai lilianguka mbele ya macho yetu. Tofauti hiyo haikutokana na mapenzi ya watu kwa historia yao. Ilitokana na fedha.

Twaliahidi kurudi kwenye lango la Liebknecht. Mawe yake yaliyookolewa mwaka 1950, pamoja na mengine yaliyochongwa upya, yalijengwa katika ukuta wa jengo la Baraza la Taifa la Ujerumani Mashariki lililomalizika 1964, upande wa kusini wa uwanja ule ule. Jengo hilo bado lipo. Na kwa kuwa kasri jipya nalo limejengewa malango yake yote, lango la nne sasa lipo mara mbili. La zamani laonekana upande wa pili wa uwanja, na mfano wake upo upande wa bustani, mahali lilipokuwa mwanzo. Nyuma ya lile la zamani, chini ya roshani alikosimama Liebknecht kutangaza jamhuri ya wafanyakazi, pana chuo kinachofundisha mameneja wa makampuni.